Uzi: Neno "conventional" si "la jadi". Tulijadili kabla halijamuumiza mgonjwa

#1 Kalamu ya Usiku (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Nimepewa kijitabu cha afya nikihariri. Kimetafsiriwa na mwenzetu kutoka Kiingereza, na kurasa nyingi zimekaa vizuri tu. Nikafika kwenye sentensi moja nikaweka kalamu chini. Kiingereza chake ni hiki: "Do not stop conventional treatment in order to use traditional remedies." Mfasiri kaandika: "Usiache tiba ya kimapokeo ili kutumia tiba ya jadi."

Isomeni tena taratibu. Mapokeo na jadi, kwa msomaji yeyote wa Kiswahili, vinakaa nyumba moja. Mgonjwa anayesoma hapo anaambiwa asiache dawa za wazee kwa ajili ya dawa za wazee. Na akijitahidi kutafuta tofauti, atasema moyoni: la kimapokeo ni lile nililopokea kwa bibi, basi hilo ndilo nisiliache. Atashika mizizi, ataacha vidonge. Sentensi iliyoandikwa kumlinda itakuwa imemgeuka.

Mfasiri hakukosea kwa uvivu. Nimezungumza naye, ni mtu makini. Alifungua kamusi, akakuta "-a kawaida, -a desturi, -a mila, -a kimapokeo", akachagua lile lililosikika la kitaalamu. Tatizo ni kwamba kamusi inatupa maana nne kana kwamba zinabadilishana viti, wakati mbili kati yake zinaweza kugeuza sentensi juu chini.

Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo. "Conventional" haisemi lolote kuhusu umri wa kitu. Inasema kitu hicho ndicho ambacho watu wa fani fulani, kwa wakati fulani, wamekubaliana kukichukua kuwa njia ya kufuatwa. Mzizi wake ni Kilatini, convenire, yaani kuja pamoja. Ndiyo maana "convention" kwa Kiingereza ni kongamano, ni mkataba, na pia ni desturi. Watu walikuja pamoja, wakakubaliana, na makubaliano yakazoeleka mpaka hakuna anayekumbuka kikao.

Chukueni kilimo. "Conventional farming" ni kilimo cha mbolea za viwandani na viuatilifu. Kina umri gani? Fritz Haber alionyesha namna ya kupata amonia, malighafi ya mbolea hizo, kutokana na naitrojeni ya hewani mwaka 1909, na kiwanda cha kwanza cha kuizalisha kwa wingi kikaanza kazi Oppau, Ujerumani, mwaka 1913. Uwezo wa DDT kuua wadudu aliugundua Paul Müller mwaka 1939. Hiki ndicho kinachoitwa "conventional". Samadi na mboji, ambavyo vina maelfu ya miaka, vimehamia upande wa pili na kuitwa kilimo hai. Sasa nimewahi kusoma ripoti ambamo "conventional farming" imeandikwa "kilimo cha kienyeji". Mwandishi alikuwa anazungumzia mifuko ya urea, msomaji akaona jembe na samadi.

Naomba tulijadili kwa mifano, kila mtu kwa fani yake. Na mwenye tafsiri nzuri ya ile sentensi ya mgonjwa aiweke hapa, ninaihitaji kweli.

#2 Mpita Njia

Umegusa kidonda, mkuu. Mimi linalonisumbua ni "silaha za kawaida", yaani "conventional weapons". Kila nikisikia taarifa ya habari inasema jeshi fulani limeshambulia kwa silaha za kawaida najiuliza, kombora linaloangusha ghorofa kumi lina ukawaida gani?

#3 Kalamu ya Usiku

Swali zuri, na jibu lake linaanzia Agosti 1945. Kabla ya Hiroshima na Nagasaki hakukuwa na haja ya kulipa bomu kivumishi. Bomu lilikuwa bomu. Baada ya hapo dunia ikawa na aina mbili, na ile ya zamani ikahitaji jina. Februari 1947 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda tume ya kushughulikia upunguzaji wa silaha zile nyingine, na kwenye jina la tume ndimo lilimo neno "conventional". Mwaka uliofuata tume hiyohiyo ikaeleza silaha za maangamizi ni zipi: za atomiki, za mada zenye kutoa mionzi, za kemikali na za kibiolojia zenye kuua, pamoja na zozote zitakazobuniwa baadaye zenye nguvu ya kulingana na hizo. Kilichobaki nje ya orodha hiyo ndicho "conventional".

Kwa hiyo kivumishi hiki hapo hakipimi ukubwa wa kishindo wala wingi wa matumizi. Ushahidi ninaoupenda ni Mkataba wa mwaka 1980 unaozuia silaha fulani "conventional". Mwaka 1995 uliongezewa itifaki inayopiga marufuku silaha za leza za kupofusha macho. Silaha ya leza ya kumpofusha mtu, ambayo hakuna anayeweza kudai ameizoea, kisheria inaingia chini ya jina hilo! Haikuingia humo kwa sababu ya uzoefu. Imeingia kwa sababu haimo kwenye orodha ile nyingine.

"Silaha za kawaida" imeshakita mizizi, siipingi. Inasimama vizuri pale "silaha za maangamizi" au "za nyuklia" zinapotajwa karibu. Ikisimama peke yake kwenye kichwa cha habari, hapo mhariri aongeze neno, kwa sababu "shambulio la kawaida" linapunguza uzito wa maiti.

#4 Mwalimu wa Mikondo

Nafundisha fizikia, na neno hili ninakutana nalo kila mwaka kwenye sura ya umeme. "Conventional current". Mwanafunzi anajifunza kwamba mkondo unatoka ncha chanya ya betri kwenda ncha hasi. Wiki inayofuata anajifunza kwamba ndani ya waya zinazotembea ni elektroni, zina chaji hasi, na zinakwenda upande wa pili. Kila mwaka yupo mtoto mmoja anayenyoosha mkono kwa hasira: kwa hiyo mwalimu ulitudanganya?

Sikumdanganya, na neno "conventional" ndilo linalonitetea. Katikati ya karne ya 18 Benjamin Franklin alichagua upande upi auite chanya na upi hasi. Hakuwa na njia ya kujua, kwa sababu elektroni ilitambuliwa na J. J. Thomson mwaka 1897, karibu miaka 150 baadaye. Wakati huo vitabu vyote na michoro yote imeshafuata uchaguzi wa Franklin. Hesabu zinatoka sawa kwa upande wowote, ilimradi kila mtu atumie uleule. Basi dunia ikakubali kuendelea. Mpaka leo mshale ulio kwenye alama ya daiodi, kile kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, unaelekea uendako mkondo huo wa makubaliano, kinyume na uendako msafara wa elektroni.

Nilikuwa nasema "mkondo wa kawaida" darasani. Nimeacha. Wanafunzi walikuwa wanauliza mkondo usio wa kawaida ni upi. Sasa nasema "mkondo wa makubaliano" na maswali yamepungua kabisa. Kwa hiyo mleta uzi, kwa fani yangu, neno la Kiswahili linalobeba uzito ni makubaliano. Desturi haitoshi, maana desturi inaweza kuwa na sababu yake ya asili. Hapa sababu ni moja tu: tulikubaliana.

#5 Kalamu ya Usiku

Mwalimu, hii nimeichukua nzima. Inanikumbusha upande wa kuendesha gari. Hakuna upande ulio wa kweli kuliko mwingine. Sweden walihama kutoka kushoto kwenda kulia tarehe 3 Septemba 1967, Samoa wakafanya kinyume chake mwaka 2009, kutoka kulia kwenda kushoto, na pote magari yaliendelea kutembea. Meridiani ya Greenwich, ile longitudo ya sifuri, nayo ni hivyohivyo. Ilikubaliwa kwenye mkutano wa mwaka 1884 kule Washington, na Ufaransa haikupiga kura ya kuiunga mkono. Mstari haukuwepo ardhini kabla ya watu kukaa kikao.

#6 Wakili wa Pembeni

Wakuu, ngoja niwaonyeshe mahali ambapo tafsiri ya "mila" ni kosa la kupoteza kesi.

Katika sheria ya kimataifa kuna vyanzo viwili vikuu vinavyotajwa kwanza kwenye Ibara ya 38 ya hati inayoanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Cha kwanza ni mikataba, ambayo kwa Kiingereza imeandikwa "conventions". Cha pili ni desturi ya kimataifa, "custom", ile ambayo mataifa yanaitenda kwa kuamini kwamba ni sheria ingawa hakuna aliyeisaini. Kutokana na hapo wanasheria wanasema "conventional law" wakimaanisha sheria ya mikataba, iliyoandikwa na kusainiwa, na "customary law" wakimaanisha ile ya desturi isiyosainiwa. Maneno mawili ambayo kamusi inayaita ndugu, kwetu ni vyumba viwili tofauti na kila kimoja kina mlango wake. Nchi inaweza kusema: sifungwi na wajibu wa "conventional" kwa sababu sikuridhia mkataba, na mpinzani akajibu: lakini unafungwa na wajibu wa "customary". Ukitafsiri yote mawili "wajibu wa kimila", umefuta hoja nzima ya pande zote mbili.

Kwetu Kiswahili kina bahati, kwa sababu "convention" ya aina hii tayari tunaiita mkataba. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kwa mfano. Basi kivumishi chake ni "-a kimkataba". Wala si lugha ngumu.

Lakini sasa shikeni hapo, maana kwenye sheria ya katiba neno linageuka tena. Waingereza wana kitu wanakiita "constitutional convention", na hicho ni kanuni ISIYOANDIKWA kwenye sheria yoyote lakini inafuatwa. Mfalme anaridhia kila muswada uliopitishwa na Bunge. Mara ya mwisho ridhaa kukataliwa ilikuwa Malkia Anne, mwaka 1708. Hakuna mahakama itakayomlazimisha mfalme, ila imekuwa hivyo zaidi ya miaka 300. Marekani nao walikuwa na desturi ya rais kutozidi mihula miwili tangu George Washington alipokataa kugombea tena mwaka 1796. Franklin Roosevelt akaivunja mwaka 1940, na kufikia 1951 wakaiandika kwenye katiba kupitia Marekebisho ya 22. Ilipoandikwa haikuitwa tena "convention".

Kwa hiyo neno lilelile: kwenye sheria ya kimataifa ni lililosainiwa, kwenye katiba ni lisiloandikwa. Ukiniuliza kwa nini, nitarudi kwa mleta uzi: watu walikuja pamoja. Wengine wakatia saini, wengine wakaelewana kwa kichwa.

#7 Mwanamaji

Naheshimu michango yote ila napingana kidogo. Mnafanya jambo kuwa gumu. Kila lugha ina maneno mapana. Kiingereza chenyewe kinatumia "conventional" hiyohiyo moja kwa silaha, umeme, dawa na kilimo, na Waingereza hawafi. Kwa nini sisi tusitumie "-a kawaida" kote, tukaacha muktadha ufanye kazi yake? Tukianza makubaliano hapa, kimkataba pale, neno jingine kule, mfasiri anayeanza atachanganyikiwa, na msomaji hatajua kwamba ni istilahi moja.

#8 Kalamu ya Usiku

Ndugu Mwanamaji, hoja yako ina nguvu na nimeifikiria tangu jana. Nakubali sehemu moja: pale Kiswahili kilipokwisha kuzoea "kawaida", kama kwenye silaha, tusivuruge.

Lakini kuna jambo la kutazama. Muktadha unamsaidia Mwingereza kwa sababu anajua tayari neno linapingana na nini. "Conventional" karibu kila mara inazaliwa siku mpinzani wake anapozaliwa. Sisi tunalifahamu jambo hili vizuri kwenye lugha yetu. Zamani simu ilikuwa simu. Zilipokuja za mkononi, ile ya kwanza ikapewa jina jipya, simu ya mezani, na yenyewe haijabadilika hata skrubu moja. Ilipokuja barua pepe, tukaanza kusema barua ya karatasi. Kifaa cha zamani kimepata jina jipya kwa sababu ya jirani mpya.

"Conventional" inafanya kazi hiyo kwa Kiingereza nzima. Ni namna ya kusema "ile tuliyokuwa tukiiita kwa jina tupu kabla huyu mwingine hajaja". Kwa hiyo mfasiri akikutana nalo, swali la kwanza ni: huyu mwingine ni nani? Akishamjua, Kiswahili kinajileta chenyewe. Mwingine ni nyuklia? Silaha za kawaida. Mwingine ni kilimo hai? Basi kilimo cha kemikali, au kilimo cha mbolea za viwandani. Mwingine ni mitishamba? Basi tiba ya hospitali. Msomaji wetu hapotezi chochote kwa kukosa istilahi moja. Anapata kitu chenyewe.

#9 Mwanamaji

Hiyo ya simu ya mezani imenifungua. Ila bado nasema kwenye maandishi ya kitaaluma mtahitaji istilahi moja. Tuliache hapo.

#10 Bint Hesabu

Salaam nyote. Nifanyako kazi ni upande wa fedha, na hoja ya "jirani mpya" inathibitika kwetu kabisa. "Conventional bank" ni benki ya riba. Neno hilo halikuwa na maana kabla ya kuwepo benki za Kiislamu. Jaribio linalotajwa sana ni lile la akiba kule Mit Ghamr, Misri, mwaka 1963, kisha ikaja Dubai Islamic Bank mwaka 1975. Kuanzia hapo ndipo zile nyingine zikahitaji kivumishi. Kwenye nyaraka tunaandika "benki za kawaida" na wateja wanaelewa, kwa sababu mara nyingi sentensi inataja zote mbili.

Tahadhari moja. Marekani wakisema "conventional loan" kwa mkopo wa nyumba, mpinzani si Uislamu hata kidogo. Wanamaanisha mkopo ambao haukudhaminiwa na serikali kupitia mipango kama ile ya FHA, idara ya serikali ya makazi, iliyoanza mwaka 1934. Niliwahi kuona mtu anatafsiri makala ya Marekani akaandika "mkopo wa riba". Mikopo yote kwenye makala ile ilikuwa ya riba! Alimchukua mpinzani wa nyumba nyingine akamleta humu.

#11 Kalamu ya Usiku

Dada, mfano huu ni dhahabu. Neno lilelile, fani ileile ya fedha, na bado jirani si mmoja.

#12 Mama Mawili

Jamani mimi si mtaalamu, nasoma riwaya za Kiingereza tu kwa raha zangu. Mbona hamjagusa neno hili likisemwa juu ya mtu? "She is very conventional." Ni tusi au ni sifa? Nikisoma nahisi kuna ubaridi fulani lakini siwezi kuushika.

#13 Kalamu ya Usiku

Mama, umeushika vizuri. Juu ya vitu neno halina upande. Juu ya mtu linaegemea kidogo kwenye lawama: mtu anayefuata yaliyozoeleka bila kuyahoji, mavazi yanayotarajiwa, ndoa inayotarajiwa, maoni yanayotarajiwa. Haliwi tusi kamili. Mtu anaweza kulisema kwa upole, hata kwa shukrani, kama anazungumzia mtu wa kutegemewa. Lakini likiambatana na "very" au "rather", mara nyingi msemaji anaona kuna kitu kinakosekana kwa huyo mtu.

Kwa Kiswahili nimejaribu mengi. "Mfuata mkumbo" ni kali mno, maana inasema hana akili yake. "Mshika mila" ni sifa, na tena inarudisha ile habari ya wazee. "Mtu wa kawaida" ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu kwetu ina maana ya asiye na cheo, raia wa chini. Ninapotafsiri riwaya natumia maelezo: "si mtu wa kutoka nje ya yaliyozoeleka", au "alipenda mambo yaende yanavyotarajiwa". Sentensi inarefuka, sawa, lakini ubaridi ule unabaki.

Na kinyume chake, "unconventional", ni kazi nyingine. Tukisema fulani "si mtu wa kawaida", msikilizaji anaweza kufikiria kipaji, anaweza kufikiria uchawi. Kiingereza hakina uchawi humo. Kinasema tu ana njia yake mwenyewe. "Ana namna yake ya kufanya mambo" inatosha mara nyingi, na ni Kiswahili cha watu.

#14 Mama Mawili

"Alipenda mambo yaende yanavyotarajiwa." Ndiyo hiyo hasa. Asante.

#15 Daktari wa Zamu

Nimesoma uzi wote wakati wa mapumziko. Niongeze "conventional wisdom", maana kwenye tiba inatugusa. Wengi wanaitafsiri "hekima ya kawaida" au "busara ya jadi". Hakuna sifa ya hekima hapo. John Kenneth Galbraith, mchumi, ndiye aliyeyapa maneno hayo nguvu mwaka 1958 ingawa yalikuwepo kabla yake, na alimaanisha mawazo ambayo watu wanayakubali kwa sababu yanapendeza kukubalika. Mtu akianza sentensi na "conventional wisdom", subirini, mara nyingi anajiandaa kuipinga.

Mfano wetu ni vidonda vya tumbo. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba chanzo ni msongo wa mawazo na asidi. Barry Marshall na Robin Warren, huko Australia, wakasema ni bakteria, Helicobacter pylori. Hawakuaminiwa kirahisi. Mwaka 1984 Marshall alikunywa mwenyewe bakteria hao, akaugua uvimbe wa utando wa tumbo. Mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel. Leo antibiotiki kwa mgonjwa mwenye bakteria huyo ndiyo tiba ya "conventional", yaani wazo lililopigwa vita ndilo limekuwa la kufuatwa. Hapo mnaona neno halina umri. Mimi "conventional wisdom" ningeitafsiri "imani iliyozoeleka", au "kama wengi wanavyoamini".

Na kuhusu sentensi ya mgonjwa, naomba niseme kwa moyo wote: irekebishwe kabla haijachapwa. Kwenye saratani "conventional treatment" ni upasuaji, mionzi na kemotherapia. Mgonjwa anayeacha hivyo miezi mitatu anarudi kwetu na ugonjwa uliokwisha kusambaa. Nimewapokea watu wa namna hiyo. Sitaki awepo hata mmoja aliyeongozwa na kijitabu chetu wenyewe.

#16 Msomi wa Bara na Pwani

Nimechelewa ila nina jambo kuhusu maneno yetu wenyewe. Tumekuwa tukiitendea "kawaida" kama neno dhaifu, lenye maana ya kitu cha kila siku. Tuangalie lilikotoka. Ni Kiarabu, qawaid, wingi wa qaida, yaani misingi, kanuni. Hata "kaida" tunayo mpaka leo, na mtu akisema "kukiuka kaida" anamaanisha kanuni inayotambuliwa na jamii. Kwa hiyo ndani ya "kawaida" kuna kanuni iliyolala. Desturi nayo imetoka Kiajemi, dastur, na huko ina maana ya kanuni na agizo pia. Mila na ada ni Kiarabu, na kwetu zimebeba watu na vizazi. Jadi ni nasaba moja kwa moja.

Mkiyapanga hivyo mtaona "kawaida" na "kaida" ziko karibu zaidi na "conventional" kuliko mila na jadi. Mila na jadi zinauliza: umeyapata kwa nani? Kaida inauliza: kinachokubalika ni kipi? Kwa maandishi ya kitaaluma, na hapa namjibu Mwanamaji, mimi ningependekeza "-a kikaida". Halijazoeleka sana, lakini halidanganyi.

#17 Mwanamaji

"-a kikaida". Hilo naliunga mkono, mkuu. Nilichokuwa natafuta ndicho hicho.

#18 Fundi Jikoni

Dogo tu: msichanganye "conventional oven" na "convection oven". Nimeona hata kwenye maelekezo ya kiwandani imeandikwa oveni ya kawaida kwa zote mbili. Ya pili ina feni inayozungusha hewa moto, ndiyo maana mapishi yake mara nyingi yanaelekeza moto upunguzwe. Ya kwanza haina feni. Herufi chache tu, na keki inaungua.

#19 Mwalimu wa Mikondo

Na matamshi, kwa wanaofundisha: mkazo uko silabi ya pili, kan-VEN-shenal. Wanafunzi wangu wengi wanaupeleka ya tatu kwa mazoea ya Kiswahili ya kukaza silabi ya pili kutoka mwisho.

#20 Kalamu ya Usiku

Wakuu, nashukuru kwa kila mchango. Nimekaa na mfasiri jioni hii tukasoma uzi huu pamoja, mstari kwa mstari. Alipofika kwa Daktari alinyamaza kwa muda, kisha akasema tuifute yote tuanze upya.

Jaribio la kwanza lilikuwa "Usiache tiba ya kawaida ili kutumia tiba ya asili." Tukalikataa. Kuna nyumba ambazo tiba ya kawaida ndiyo hiyo ya asili, kwa sababu ndiyo inayoanza kutumika mtu akiugua. La pili lilikuwa "tiba ya kikaida". Nalipenda, Msomi, na kwenye makala ya kitaaluma nitalitumia kesho. Lakini kijitabu hiki kitasomwa na mtu mwenye homa, pengine anasomewa na mtoto wake wa darasa la tano. La tatu lilikuwa "tiba ya kisasa", nalo tukaliacha, kwa sababu wauzaji wa dawa za mitishamba zilizofungwa vizuri nao wanajiita wa kisasa.

Mwisho kivumishi tumekitoa kabisa. Jirani tumemtaja kwa jina, na upande wa pili pia. Ukurasa wa 14 sasa unasomeka hivi: "Usiache dawa ulizoandikiwa hospitalini ili utumie dawa za asili. Kama unatumia dawa za asili, mwambie daktari wako."

Sentensi ya pili haikuwepo kwenye Kiingereza. Tumewaandikia wenye kijitabu kuomba ruhusa ya kuiongeza. Wakijibu nitawajulisha hapahapa.

#21 Daktari wa Zamu

Wakigoma niambie, nitawaandikia mimi.